Gari la sekunde tano kwenye barabara ya matuta

Kaskazi ilikuwa inaelekea kwisha, na joto la Malindi limefika pale linapowachosha hata mbuzi, aliponijia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Casuarina. Tunajuana miaka mingi. Umeme wa magari yake yote umepita mikononi mwangu. Siku hiyo hakuja na gari. Alikuja kwa tuktuk, ameshika bahasha, akakaa kwenye kibao cha gereji na kusema, "Mwanangu, nimeuziwa gari bovu."

Gari lenyewe ni la umeme, la Ulaya, la daraja la juu, la mwaka 2019, na lilitoka Uingereza. Chapa yake siitaji kwa sababu kosa, kama utakavyoona, halikuwa la gari. Mpwa wake anayeishi Leicester ndiye aliyelitafuta na kulipakia meli. Lina mota mbili, moja mbele na moja nyuma, nguvu zinazokaribia farasi 400, na linatoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kabla sekunde tano hazijatimia. Betri yake ikiwa mpya ilikuwa na uniti 85 za kutumia, uniti zilezile tunazonunua kwa tokeni. Gari jipya la aina hiyo liliuzwa huko kwa zaidi ya pauni 60,000. Yeye alilipata kwa 14,000.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. La kwanza, aliambiwa gari linakwenda karibu kilomita 450 kwa chaji moja, lakini dereva alipokwenda kupokea wageni uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na kurudi, safari ya kilomita kama 250, lilifika nyumbani limebaki na asilimia 5. La pili, likichomekwa ukutani mara likatae kuchaji, mara lizime stima ya nyumba nzima wageni wakiwa bafuni. La tatu, kijana wake alilipeleka ng'ambo ya daraja la Sabaki, barabara ya Gongoni, akalijaribu mwendo, na baada ya kuliondoa kwa kasi mara tano au sita likaanza kulegea "kama punda aliyekatwa pumzi."

La nne hakulisema, lakini lilikuwa ndani ya bahasha: risiti. Alikuwa amepanga kutumia shilingi milioni 4 kila kitu ndani. Gari lilipoingia uani kwake lilikuwa limekwisha kula milioni 5.1.

Nianze na hilo, maana ndilo lililomuuma zaidi.

Pauni 14,000 kwa gari la pauni 60,000 ni bei inayomfanya mtu adhani kuna wizi au kuna ubovu. Mara nyingi havipo vyote viwili. Uingereza, katika mwaka wa kodi wa 2020 hadi 2021, mfanyakazi aliyepewa gari la umeme na kampuni yake hakutozwa kodi hata peni moja kwa faida hiyo. Mwaka uliofuata ilikuwa asilimia 1, kisha 2. Kwa hivyo makampuni yalikodi magari ya umeme ya kifahari kwa wingi, kwa mikataba ya miaka mitatu au minne. Mikataba ilipoisha magari yakarudi sokoni yote kwa mpigo. Wakati huohuo mapya nayo yalikuwa yanashuka bei. Tesla Model S Plaid ilianza kuuzwa Marekani katikati ya 2021 kwa dola 129,990. Kufikia Septemba 2023 ilikuwa 89,990. Gari jipya likipunguzwa dola 40,000, nani atakulipa bei ya zamani kwa la mkononi? Januari 2024 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza kuuza magari 20,000 ya umeme, na wenye magari wakazidi kuogopa.

Kuna sababu nyingine iliyo chini ya hizo zote: hofu ya betri. Mnunuzi wa Ulaya anajua kwamba dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka minane au kilomita 160,000. Gari la 2019 linapofika umri wa miaka sita, sehemu kubwa ya unafuu wa bei ni hofu hiyo anayoihamisha muuzaji kwako. Nasi tunaolileta bandarini Kilindini tunaipokea yote, kwa kuwa dhamana ya Uingereza ukifika nayo hapa ni karatasi tu. Mpwa alituma picha arobaini za viti, taa na kioo cha paa. Kipimo cha afya ya betri hakutuma hata kimoja, wala hakuna aliyemwomba.

Kodi nayo ilimponza kwa njia ya kawaida kabisa. Alisikia redioni kwamba vyombo vya umeme vimeondolewa kodi. Alisikia kweli, ila nusu. Sheria ya fedha ya 2023 iliondoa VAT kwa pikipiki za umeme, baiskeli za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu. Gari dogo la abiria halikuwemo. Nafuu ya gari dogo ni ile ya 2019: ushuru wa bidhaa ulishushwa hadi asilimia 10, ilhali gari la petroli lenye injini inayopita cc 3,000 liliwekewa asilimia 35. Ni nafuu ya kweli, siidharau. Lakini juu yake kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 16, kuna ada za kuingiza mzigo. Na jambo ambalo watu wengi huligundua wakiwa wamekwisha lipia meli: KRA, mamlaka ya mapato, hawaanzi na risiti yako. Wanaanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, wanapunguza kwa umri kwa viwango vyao, kisha ndipo hesabu inaanza. Soko la Uingereza likiporomoka kwa sababu ya Hertz au Tesla, jedwali la forodha haliporomoki nalo.

Basi nikaenda kuliona gari.

Nililikuta chini ya mwarobaini, limefunikwa turubai. Nikachomeka kisomaji changu kwenye soketi ya chini ya usukani, nikasoma. Betri ilikuwa imebaki na uniti 74 kati ya 85. Tofauti ya volti kati ya seli iliyo juu na iliyo chini ilikuwa ndogo mno, haifiki sehemu 3 za 100 za volti. Hakuna seli mgonjwa. Kwa gari la miaka sita hiyo ni afya ya kuridhisha, na nilimwambia hivyo mbele ya dereva wake, kwa sababu neno "bovu" lilikuwa limekwisha zagaa mtaani.

Sasa hizo kilomita 450. Namba ya aina hiyo hutoka kwenye kipimo rasmi cha Ulaya kiitwacho WLTP, ambacho hufanyika ndani ya maabara, joto la nyuzi 23, na mwendo wa wastani wa kilomita 46.5 kwa saa. Si uongo, lakini si barabara ya Mombasa. Nilipanda na dereva hadi Kilifi, sikusema neno, nikaandika tu. Kijana yule ni dereva mzuri wa petroli. Akitoka kwenye tuta anakanyaga mpaka mwisho, anafika 110, anaona tuta lingine, anapiga breki. Ukihesabu Gede, Matsangoni na vijiji vya katikati, matuta hayahesabiki. Gari la petroli likiendeshwa hivyo unalilipia taratibu bila kuona. Hili lina uzito unaopita tani mbili, na kila ukiliondoa kwa nguvu za farasi 400 unainua tani mbili hizo kwa stima ya betri. Ukipiga breki mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya stima hiyo, lakini sehemu tu, na ukikanyaga breki ghafla sehemu kubwa zaidi inapotea kwenye diski kuwa joto. Juu ya hayo, upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 85 hadi 110 unakaribia kuongezeka kwa theluthi mbili. Safari yake ilikuwa inakula uniti 28 kwa kila kilomita 100. Kwa kilomita 250, ni uniti 70. Betri ina 74. Hapo ndipo ile asilimia 5 ilipotoka, na wala hapakuwa na siri.

Wakati wa kurudi niliendesha mimi. Mwendo wa 80 hadi 85, mguu mwepesi, nikiona tuta kwa mbali naachia mapema gari lijizuie lenyewe kwa mota, kiyoyozi kikiwaka vilevile. Uniti 19 kwa kilomita 100. Tulichelewa dakika chache tu. Dereva alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama hilo lionyeshwalo kwenye kioo ndilo lililobaki kweli. Nikamwambia ndilo.

Kuhusu kulegea kule Gongoni, niliwaeleza mama na kijana wake pamoja, maana kijana alikuwa na aibu na mama alikuwa na hasira. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kusukuma tangu gurudumu halijazunguka. Haingoji injini ipande kama ya petroli. Ndiyo maana hata basi la umeme huondoka kwa wepesi unaoshangaza. Lakini nguvu hiyo hutoka kwenye betri kama mkondo mkubwa wa stima, na mkondo mkubwa huzaa joto ndani ya seli. Kuna maji ya kupoza yanayozunguka. Saa saba mchana, hewa nyuzi 33, lami inawaka, maji hayo hayana pa kutupa joto haraka. Kompyuta ikiona seli zinapanda kupita kiasi hupunguza nguvu. Gari lilikuwa linailinda betri ya mama isiuawe na mwanawe, na nililisema kwa maneno hayohayo.

Na hapa pana jambo la bei ninalotaka wanunuzi wa pwani walisikie vizuri. Katika gari la umeme, kasi si kitu cha gharama kubwa kutengeneza. Kilicho ghali ni betri, na hata hiyo imeshuka: wastani wa dunia mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kila uniti ya uwezo. Ushahidi kwamba kasi ni bei ya duka kuliko bei ya kiwanda ni huu. Mwishoni mwa 2019 Tesla waliwauzia wenye Model 3 za mota mbili wepesi zaidi wa kuondoka kwa dola 2,000, na hakuna fundi aliyefungua boneti. Ilikuja kwa intaneti. Mwaka 2022 Mercedes walitangaza Marekani kuongeza nguvu za EQE na EQS kwa malipo ya dola 1,200 kwa mwaka. Mota ni zilezile, na betri ni ileile. Kilichouzwa ni ruhusa.

Nilikuwa naeleza haya kwa sababu mpwa alikuwa amekwisha tuma picha nyingine, safari hii Porsche Taycan, akisema hili la sasa liuzwe. Taycan ni gari la ajabu, nalipenda kama fundi. Mfumo wake ni wa volti 800, mota ya nyuma ina gia mbili, na Turbo S ya kwanza ilifika kilomita 100 kwa sekunde 2.8. Matoleo ya mwanzo yenye betri kubwa hupokea chaji kwa kilowati 270 penye mashine ya nguvu hizo. Sehemu kubwa ya bei yake imelipia uwezo huo wa kuchaji na kupoza ili lirudie mbio mara nyingi bila kulegea. Nyumbani kwa mama Casuarina stima ya fezi moja, ikifungwa vizuri, itatoa kilowati 7. Volti 800 hazitaongeza hata dakika moja ya haraka pale. Na sheria yetu inakomea kilomita 110 kwa saa, 50 mjini. Angelipia milioni kadhaa zaidi kwa vitu viwili ambavyo Malindi haina mahali pa kuvitumia. Mama alifuta picha ile mbele yangu.

Kazi ngumu ilikuwa stima, na ndiko nilikotumia siku nne.

Walikuwa wanachaji kwa plagi ya kawaida ya ukutani, kwa kilowati zipatazo 2.3. Kwa safari moja ya Mombasa hiyo ni kuchaji zaidi ya siku nzima, usiku na mchana. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kwa joto. Wiki nyingine moja na tungekuwa tunazungumzia moto. Kukataa kuchaji kulitokana na athi, yaani waya wa ardhi. Magari haya hupima waya wa ardhi kabla ya kupokea stima, na yakiuona mbaya hayapokei. Nyumba ile imejengwa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, ardhi inayokauka kaskazi nzima. Fimbo ya shaba ilikuwa moja, imezikwa miaka mingi, imeliwa na chumvi. Nilipima nikapata ohm 140, na athi namba ikipungua ndipo inakuwa nzuri. Friji na feni hazilalamiki kwa athi kama hiyo, ndiyo maana hakuna aliyejua. Wageni wameoga chini ya hita za umeme miaka yote hiyo na athi ya namna hiyo, na hilo lilinikosesha usingizi kuliko gari.

Tulizika fimbo tatu ndefu upande wa kisima, ambako udongo una unyevu, tukaziunganisha. Ohm 18. Tukavuta waya wa milimita 10 za mraba kutoka kwenye mita moja kwa moja hadi baraza ya gari, na sakiti breka yake peke yake pamoja na kile kifaa kinachokata stima inapovuja. Chaja ya ampea 32 ikafungwa ukutani, chini ya paa, maana upepo wa bahari huweka chumvi kwenye pini za shaba kabla mwaka haujaisha. Stima kuzimika nyumba nzima ilikuwa hesabu ya kujumlisha tu, na kwa chaja mpya ingezidi: viyoyozi vinne ampea 24, hita moja ya bafu 22, chaja 32, jumla 78, na swichi kuu ni ya 60. Nikafunga kihisi kwenye waya mkuu: mgeni akifungua hita, chaja inapunguza yenyewe, akifunga, inarudi. Na ikawekwa kuanza saa nne usiku.

Saa nne ina maana mbili. Wageni wengi wamekwisha oga. Na Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya nishati, waliweka bei maalumu ya stima ya vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya tozo, kwa mita inayotumia kuanzia uniti 200 kwa mwezi. Yeye anazipita. Inahitaji mita ya pekee, naye ameiomba. (Nasikitika kidogo kwamba shamba la sola la Langobaya, megawati 40, liko hapa nyuma yetu tangu mwishoni mwa 2021, na stima ya nafuu bado ni ya usiku wakati jua limelala.)

Hesabu ya mwisho niliifanya kwa bei anayolipa sasa, ya takriban shilingi 30 kwa uniti pamoja na tozo, nisimpe matumaini ya mita ambayo haijafika. Safari ya kilomita 250 kwa mwendo wa taratibu inakula uniti 47.5 za betri. Ukiongeza zinazopotea njiani wakati wa kuchaji, ni kama 53 ukutani, yaani shilingi 1,590, na chaja inamaliza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Gari lake la zamani la petroli, kilomita 10 kwa lita, petroli nikiikadiria shilingi 180, lilikula 4,500. Tofauti ni 2,910 kwa safari. Ana safari kumi na mbili kwa mwezi, na wageni wanaotaka gari tulivu huongeza 2,000 kila safari bila kunung'unika. Jumla inakaribia shilingi 59,000 kwa mwezi. Angenunua gari jingine la petroli la mkononi angetumia kama milioni 2.4, ametumia 2.7 zaidi ya hapo. Zitarudi baada ya miezi 46, tairi zisipomla kwanza: ni za inchi 20, gari zito linazisaga, na Malindi hazipatikani, lazima ziagizwe Mombasa.

Miaka minne si haraka, lakini pia si hasara, ikiwa betri itafika huko. Kwa hiyo sharti langu lilikuwa hili: chaji hadi asilimia 85 tu, si 100. Betri iliyojaa kabisa ikikaa juani huzeeka haraka, na Malindi jua halikosekani. Asilimia 85 ni uniti 63. Safari inakula 47.5, gari linarudi na 15. Inatosha, ila inatosha kwa dereva mwenye mguu mwepesi peke yake. Akirudi kwenye 28 kwa kila kilomita 100, hafiki. Atasimama mahali fulani baada ya Kilifi.

Mama aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Basi hizo farasi 400 nimezinunua za nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba gari la aina hiyohiyo lenye nguvu nusu na betri ileile lingemfanyia kazi hii sawasawa. Alitikisa kichwa, akamwita dereva, akamwambia kuanzia kesho akikanyaga zaidi ya 85 atakuwa anakanyaga mshahara wake.

Sasa ni mwezi wa tano tangu tufunge chaja. Nimesoma betri mara mbili. Bado ni 74. Wageni wa Mombasa wote hupanda la umeme. Wa Lamu hapana. Kutoka hapa hadi Mokowe ni kama kilomita 220, kupitia Garsen na Witu, na hata kwa mguu mwepesi na chaji kamili gari litafika lakini halitarudi. Hao huwapeleka kwa lile la zamani la petroli, analiacha gatini, wageni wanavuka kwa boti.